Nairobi–Mombasa ni dakika 45. Za nani?

Ukiuliza simu yako umbali wa Nairobi hadi Mombasa kwa ndege, itakwambia ni kilomita 420 na kitu, na safari ni kama saa moja. Mimi niliiuliza saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, mwezi wa Desemba, nimekaa kitandani Kayole, dakika chache baada ya mathee kunipigia na kuniambia nyanya amefariki.

Nyanya ni mtu wa Majengo, Mombasa. Kwa wale hamjui, sisi Waislamu hatukai na maiti. Hakuna mochari ya wiki mbili, hakuna kamati ya mazishi inayokutana kila jioni, hakuna fulana zenye picha. Mtu akifa usiku, kesho yake mchana anazikwa. Mathee alisema watamzika baada ya alasiri, ambayo Mombasa siku hizo inaswaliwa kama saa kumi kasorobo. Kwa hivyo nilikuwa na zaidi ya saa kumi za kwenda kilomita 420. Hata kama ulipata E ya hesabu unaona hiyo inawezekana.

Tiketi ya ndege ya asubuhi hiyo ilikuwa shilingi 12,000 na ushee. M-Pesa yangu ilikuwa na 3,400. Treni ilikuwa imejaa, mnajua Desemba. Nikaenda kupanda basi.

Nitarudi kwa hilo basi. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila kitu ninachopata kuhusu hii barabara, reli na anga kati ya Nairobi na Mombasa. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hakuna mhadhiri aliyenituma. Na kitu nimeona ni kwamba kilomita zenyewe hazijawahi kubadilika. Kinachobadilika ni saa, na saa zimekuwa zikigawiwa watu kwa bei tangu zamani.

Tuanze na kitu kinachosahaulika: hizi si miji miwili ya rika moja. Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka wa 1331 na akaandika kuhusu watu wake na misikiti yao. Nairobi wakati huo ilikuwa maji baridi na nyasi, na ikabaki hivyo kwa zaidi ya miaka 560. Jina lenyewe ni la Kimaasai, Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Kwa hivyo kwa karne nyingi hakuna mtu aliyeuliza "Nairobi ni mbali kiasi gani?" Safari zilikuwa za kutoka bara kwenda pwani, na waliozijua kuliko wote katikati ya karne ya 19 walikuwa Wakamba.

Hapa nina upendeleo, buda wangu ni Mkamba. Lakini ni ukweli. Kulikuwa na mfanyabiashara wa Kitui anaitwa Kivoi, ambaye alikuwa akiteremka pwani na misafara mikubwa ya pembe za ndovu. Yule mmishonari Krapf, aliyekuwa akikaa Rabai, alifika kwake Kitui mwaka wa 1849, na ni huko ndiko alikoonyeshwa Mlima Kenya. Vitabu vingi vinasema Krapf "aliugundua". Alikuwa mgeni wa mtu ambaye mlima huo ulionekana kutoka kwao, bana.

Msafara wa miguu ulikwenda kama kilomita 15 hadi 20 kwa siku, kila mpagazi akiwa na mzigo wa kilo 30 hivi kichwani. Piga hesabu mwenyewe: kutoka hapa Nairobi ilipo sasa hadi Mombasa ni kama mwezi mzima. Na katikati kuna nyika ya Taru, ambako tatizo halikuwa kilomita bali maji. Ukishuka kwa barabara leo, kabla ya kufika Mariakani unapita mahali panaitwa Maji ya Chumvi. Mtu aliyepaita hivyo hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa amefika na kiu, akayaonja.

Shikeni hilo jina, Maji ya Chumvi.

Reli ndiyo iliyozaa Nairobi. Waingereza walianza kuijenga Mombasa mwaka wa 1896, na vyuma vikafika hapa Mei 1899. Walileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, na wapatao 2,500 hawakurudi. Tunapenda kusimulia wale simba wa Tsavo wa 1898 kwa sababu stori ya simba ni tamu, na kuna sinema. Lakini simba walichukua wachache. Wengine wote waliuawa na malaria, kuhara na ajali, na hakuna anayetengeneza sinema ya kuhara.

Ghafla mwezi mmoja ukawa siku moja. Unapanda Mombasa mchana, unalala njiani, kesho yake uko Nairobi. Hapo ndipo bei ya saa inaanza kuonekana wazi. Treni ilikuwa moja, lakini mabehewa yalikuwa na madaraja: la kwanza Wazungu, la pili Wahindi, la tatu sisi. Mwendo ni ule ule kwa wote, hiyo nakubali. Ila mwenye daraja la kwanza aliteremka Voi kula chakula mezani, na wa daraja la tatu alikaa juu ya ubao usiku mzima.

Halafu kulikuwa na kitu kinaitwa kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915 na ikaanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yake ndani ya kikebe cha chuma, wengi wakikining'iniza shingoni, imeandikwa anafanya kazi kwa nani na ameruhusiwa kuondoka au la. Hebu fikiria sasa. Treni ipo, nauli unayo, nyanya amefariki pwani, lakini bosi hajatia sahihi. Safari yako ni saa ngapi? Haina saa. Hiyo ilikwenda hadi 1947.

Ndege nazo. Mwaka wa 1929 mama mmoja mjane, Florence Kerr Wilson, alianzisha Wilson Airways hapa Nairobi. Uwanja wa Wilson, ambao kila mtu wa Lang'ata analalamika kelele zake, umechukua jina lake. Mwanzoni ndege ilikuwa kitu cha barua, maafisa na matajiri wa kwenda kuwinda. Wengi mmesikia habari za Denys Finch Hatton, yule wa kwenye filamu ya Out of Africa. Alikuwa na kindege chake kidogo, akiruka nacho kwenda pwani na kutafuta ndovu kutoka angani. Tarehe 14 Mei 1931 aliruka kutoka Voi akirudi Nairobi, ndege ikaanguka pale pale na kuwaka moto. Kaburi lake liko vilima vya Ngong, na watalii wanapelekwa kuliona.

Ndani ya ndege hiyo walikuwa wawili. Wa pili alikuwa mtumishi wake, Kamau. Nimemtafuta Kamau katika kila nilichosoma na mara nyingi anapewa nusu sentensi. Nadhani ni mmoja wa Wakenya wa kwanza kabisa kufa kwenye ajali ya ndege katika njia hii, na tunajua jina moja tu.

Wilson Airways ilikufa vita vilipoanza mwaka wa 1939, ndege zake zikachukuliwa na jeshi. Mwaka wa 1946 ikaja East African Airways, ikiwa na ndege sita za mabawa mawili mawili aina ya Dragon Rapide. Hizo zilikwenda kama kilomita 210 kwa saa. Kilomita 420 gawanya kwa 210: saa mbili. Baadaye wakaleta Dakota, saa moja na nusu hivi. Miaka ya sitini wakaleta Fokker za injini mbili zenye mwendo wa karibu kilomita 460 kwa saa, na hapo ukawa kama saa moja ukihesabu kupaa na kutua.

Sasa sikilizeni kitu kilichonishangaza. Tangu hapo hakuna kilichopungua sana. Zaidi ya miaka 60! Ndege za leo zinaweza kukimbia kilomita 800 kwa saa na zaidi, lakini kilomita 420 hazitoshi. Inapaa, inafika juu, watu wanapewa maji na njugu, halafu rubani anaanza kuteremka. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na Mombasa iko chini kabisa, kwa hivyo ukienda pwani sehemu kubwa ya safari ni kuteremka tu. Ndio maana ndege ya pangaboi na ya jeti zinapishana kwa dakika chache katika njia hii. Mambo ya angani yalishamalizwa wakati babu zetu wakiwa vijana. Kilichobaki kuwa kirefu ni ardhi: kufika uwanjani, kukaguliwa, kungoja, kutoka. Na bei.

Na hiyo ardhi ina historia yake. Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa 1958. Waliochimba na kusawazisha ile njia ya ndege walikuwa wafungwa wa Mau Mau, maelfu yao, waliofungiwa hapo hapo Embakasi wakati wa hali ya hatari na kupelekwa kazini kwa nguvu. Leo uwanja unaitwa Jomo Kenyatta, mtu ambaye mwenyewe alifungwa miaka hiyo hiyo, mbali huko kaskazini. Hili jambo halijaandikwa mahali popote ambapo msafiri analiona akisubiri begi lake. Mimi nimepita hapo mara moja maishani na niliangalia kila ukuta.

East African Airways ilivunjika 1977 pamoja na Jumuiya, ikazaliwa Kenya Airways. Hiyo stori ni ndefu na ina siasa nyingi, nitaifanyia post yake. Nataka kurukia 2017.

Tarehe 31 Mei 2017 treni mpya ilizinduliwa. Nauli ya chini ilikuwa shilingi 700 na safari kama saa tano. Ukiondoa kelele za mkopo, na kelele ni halali kwa sababu tunazungumzia zaidi ya dola bilioni 3 kutoka China, hii ndiyo mara ya kwanza katika historia yote niliyowasimulia mtu wa kawaida alipewa saa nyingi kwa pesa kidogo. Nyanya alikuja Nairobi kwa hiyo treni mara mbili. Alikuwa amezoea ile ya zamani ya usiku, ambayo ilipaswa kufika asubuhi na wakati mwingine ilifika mchana, wakati mwingine ililala Mtito. Alipoteremka Syokimau mara ya kwanza alisema hajaamini, wudhuu wake wa adhuhuri haujatanguka. Tangu Januari 2024 nauli hiyo ya chini ni 1,500. Na steshini zote mbili ziko nje ya mji, moja Syokimau na nyingine Miritini, kwa hivyo ongeza matatu huku na matatu kule.

Nirudi kwa basi.

Liliondoka saa moja na robo. Mabasi kisheria hayaruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa, na barabara ni kama kilomita 485, kwa hivyo hata ukipewa barabara tupu kama ya ndotoni, ni saa sita. Haikuwa tupu. Tulitoka Mlolongo karibu saa mbili na nusu. Mtito Andei tulisimama dakika 40 badala ya 20 kwa sababu watu walikuwa kwenye foleni ya chipo. Nilikuwa na nauli iliyobaki na sikuwa na njaa. Nilikaa dirishani nikihesabu: tukifika Voi saa nane, tutafika Mariakani saa tisa na nusu, nikichukua pikipiki…

Alasiri ilinikuta Maji ya Chumvi.

Zilikuwa zimebaki kilomita zisizofika 60. Lori lilikuwa limelala upande mbele karibu na Mariakani na foleni ilikuwa haisongi. Mama mmoja wa kiti cha mbele alikuwa na redio ya simu, nikasikia adhana. Nikajua sasa wanaswali, sasa wanamwinua. Nilishuka nikasimama kando ya barabara kwenye miiba, nikamswalia peke yangu nikiwa na viatu. Sijui kama ilihesabika. Ustadh akisoma hii anaweza kunijibu.

Nilifika Majengo saa kumi na mbili kasorobo. Viti vilikuwa vimepangwa nje, wanaume wanakunywa kahawa. Mjomba wangu, kaka yake mathee, anafanya kazi Upper Hill. Ndege yake iliruka saa tano. Aliondoka Nairobi karibu saa nne baada yangu, akafika Mombasa karibu saa sita kabla yangu, akaingia kaburini mwenyewe kumpokea mamake.

Mtauliza kwa nini sikumwomba hizo 12,000. Ni swali zuri. Yeye ndiye aliyenilipia karo miaka miwili. Nilipoacha chuo kuja kufanya hizi video hatukuongea miezi minane. Alfajiri ile jina lake lilikuwa la tatu kwenye simu yangu, nikalipita, nikaenda kuangalia nauli ya basi. Kwa hivyo siwezi kuwaambia ni ukoloni ulionizuia. Nauli ilikuwepo, na mdomo nilikuwa nao.

Siku ya tatu baada ya khitma mjomba alinitumia ujumbe wenye tiketi. Hakuandika kitu kingine. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ndege, na kama mnavyonijua, nilipima kila kitu kwa saa ya simu.

Nilitoka mlangoni Majengo saa tatu na dakika kumi asubuhi, tuktuk hadi uwanja wa Moi. Ukaguzi, kungoja, kuchelewa dakika 20. Magurudumu yaliacha ardhi saa sita na dakika 31. Mjomba alinipa dirisha. Chini naona minazi inaisha, halafu nyika, kijivu, kavu, na barabara moja nyembamba yenye malori kama siafu. Nikamuuliza hapo ni wapi. Akaangalia akasema labda Samburu, labda Maji ya Chumvi. Tulikuwa hatujamaliza hata dakika sita angani.

"Siku ile tulikungoja," akasema. "Nilimwomba imamu. Tulikaa na jeneza dakika kumi na tano."

"Nilikuwa hapo," nikamwambia, nikionyesha chini.

"Mbona hukunipigia?"

Sikumjibu, naye hakuuliza tena. Akachukua zile njugu zake akaniwekea kwenye meza yangu. Kushoto Kilimanjaro ilitokeza juu ya mawingu, na ndege nzima ikatoa simu kupiga picha, hata mimi. Chini reli mbili zinakwenda sambamba kwenye udongo mwekundu wa Tsavo, ile ya 1899 na ile ya 2017, na kutoka juu huwezi kujua ipi ni ipi.

Tuligusa ardhi Embakasi saa saba na dakika 14. Dakika 43. Watu walisimama kuchukua mabegi kabla ndege haijasimama. Mjomba alikwenda kuchukua teksi, akasema nipitie kwake Jumapili. Mimi nikapanda ile 34, nikashuka Cabanas, nikaunganisha, nikakwama Outering kwenye jamu. Nilifungua mlango wangu Kayole saa tisa na dakika tano. Mlango kwa mlango ilikuwa saa sita kasoro dakika tano.